Hotuba Juu ya Walinzi wa Umeme na Daftari Zao

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo imepigwa chapa hapa kwa agizo la Halmashauri.)



 Sisi tuliosimama hapa tu watumishi wa vituo vya umeme. Baadhi yetu ni mafundi wa zamu, na baadhi yetu ni makarani wa kuandika na kutunza daftari. Tulipoombwa kuchagua jambo la kueleza, wenzetu wengine walitushauri tuseme juu ya mishahara na nyumba, maana hayo ndiyo masikio huyapenda. Walakini tuliona ya kwamba mambo hayo yana wasemaji wengi, na kwamba liko jambo moja la kazi yetu lisilo na msemaji, ingawa kila mmoja wenu hulitegemea kila jioni awashapo taa. Nalo ni habari ya vyombo vinavyolinda umeme katika vituo vya kupozea umeme: vyaaminikaje, na vyawezaje kusikilizana vyenyewe kwa vyenyewe.

Msidhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Tutajaribu kuwaonyesha ya kwamba nusu yake ni kazi ya kalamu na karatasi, yaani kazi ya karani. Tena katikati ya maneno yetu tutakiri kosa letu wenyewe, na mwishoni tutawaomba neno.

KITUO NA MLINZI WAKE

Umeme hutoka mitamboni ukasafiri juu ya nguzo ndefu kwa nguvu ya volti laki moja, laki mbili, hata laki nne. Nguvu kama hiyo haiwezi kuingia katika nyumba ya mtu. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kituo cha kupozea, ambamo transfoma huipunguza hatua kwa hatua. Kila laini iingiayo kituoni hupita katika kikata umeme, yaani swichi kubwa iwezayo kukata laini hata wakati umeme mwingi unapita ndani yake. Lakini swichi hiyo haina macho wala akili. Anayeiamuru ni chombo kidogo kiitwacho rilei, ambacho hukaa katika kabati ndani ya nyumba ya kituo, kikipokea saa zote vipimo vya umeme unaopita nje.

Mti ukiangukia laini, au waya mmoja ukigusa mwingine, umeme hukimbilia mahali pale kwa wingi usio wa kawaida. Rilei huliona jambo hilo ikaiamuru swichi ikate. Hayo yote aghalabu hutimia katika muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mlinzi akichelewa, transfoma ya thamani kubwa yaweza kuungua, na mtu aliye karibu yaweza kumpata mauti.

Rilei za zamani zilikuwa za chuma na sumaku, nyingine zenye kisahani kizungukacho kama kile cha mita za umeme za zamani. Mwaka 1904 Waingereza wawili, Charles Merz na Bernard Price, walipata hati ya uvumbuzi wa namna moja ya ulinzi ambayo karani wa fedha ataifahamu mara moja. Walilinganisha umeme uingiao upande mmoja na umeme utokao upande wa pili. Hesabu zikiwa sawa, hakuna neno. Zikitofautiana, basi umeme unapotea humo ndani, na laini haina budi kukatwa. Ndivyo tufanyavyo tunapofunga daftari ya mapato na matumizi kila jioni. Njia hiyo ingali ikitumika hata leo, ila siku hizi rilei nyingi ni kompyuta ndogo, ambazo huweza kujichungua na kutoa taarifa zikiona ugonjwa ndani yao.

UAMINIFU WA NAMNA MBILI

Mtu akiajiri mlinzi wa usiku, hutaka kwake mambo mawili. La kwanza, mwizi akija, mlinzi awe macho apige kelele. La pili, mgeni wa halali akibisha hodi, mlinzi asimpige rungu. Mlinzi asiyelala lakini ampigaye kila apitaye si mwaminifu zaidi kuliko yule alalaye. Hali kadhalika rilei yatakiwa ikate pale ambapo kuna hitilafu, tena isikate pale ambapo hakuna. Mambo haya mawili huvutana. Ukiifanya rilei iwe nyepesi sana wa kushtuka, itakata laini nzima kwa jambo dogo. Ukiifanya iwe nzito, itaacha moto uwake. Kinachoamua uzito au wepesi wake ni namba chache ambazo fundi huziweka ndani yake: kiasi gani cha umeme kipite ndipo ishtuke, na ingoje muda gani kabla ya kukata. Namba hizo hutoka kwa mhandisi, huandikwa katika karatasi, na karatasi hupita mikononi mwa karani.

Hata walinzi wakifanya kazi yao, mambo yaweza kwenda mbali. Wengi wenu mwakumbuka tarehe 7 Juni 2016, siku ambayo tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, katika mto Tana nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ile ilikatwa. Mzigo wake ukaielemea mitambo mingine ya kituo kile, nayo ikajitoa kwa kuzidiwa. Zikapotea megawati zaidi ya 180, na nchi nzima ya Kenya ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Watu walicheka sana, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini mafundi walijifunza ya kwamba chombo kimoja kikitoka, swali la maana si kwamba kilitoka kwa haki au pasipo haki, bali jirani zake wamejiandaaje kuupokea mzigo wake.

AMRI ILIYOCHAKAA

Sasa tutawasimulia habari ya mlinzi mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, aliyeleta maafa makubwa kwa kuitii amri ya zamani.

Jioni ya tarehe 9 Novemba 1965, saa 11 na dakika 16, katika kituo cha Sir Adam Beck karibu na maporomoko ya Niagara, upande wa Kanada, laini tano zilikuwa zikipeleka umeme kaskazini kuelekea Toronto. Rilei moja ya akiba, ambayo kazi yake ni kukata endapo nyingine zimeshindwa, ilikuwa imewekewa namba yake mwaka 1963. Namba ile iliwafaa watu wa mwaka ule. Lakini matumizi ya umeme yaliongezeka, na jioni ile ya baridi mzigo wa laini ulifika pale ambapo rilei iliambiwa ishtuke. Haukuwapo mti ulioanguka, wala waya uliokatika. Rilei iliona namba yake imefika, ikakata. Mzigo wa laini ile ukazigeukia laini nne zilizobaki, nazo zikakatwa moja baada ya moja katika sekunde chache. Umeme mwingi uliokuwa ukienda kaskazini ukageuka kwa ghafula kuelekea kusini, ukazielemea laini za jimbo la New York, na katika muda wa dakika chache watu wapatao milioni 30 katika Kanada na Marekani walikuwa gizani. Sehemu nyingine za mji wa New York zilikaa hivyo muda wa saa 13.

Wachunguzi walipofuatia habari hiyo, walikuta ya kwamba mafundi wa zamu katika kituo kile hawakujua namba iliyokuwamo ndani ya rilei. Iliwekwa, ikasahauliwa, nayo ikangoja miaka miwili.

KOSA LETU WENYEWE

Twaomba radhi kwa maneno yatakayofuata, maana si desturi ya watu kusimama mbele ya mkutano na kujishitaki. Lakini tuliona si haki kusimulia makosa ya watu wa mbali na kuyafunika ya kwetu.

Miaka michache iliyopita, katika kituo ambacho hatutakitaja, ilikuwako laini moja inayopeleka umeme katika mji mdogo wenye hospitali. Namba ya rilei yake iliwekwa wakati mji ule ulikuwa na nyumba chache na mashine moja ya kusaga. Mji ulikua. Mhandisi aliona ya kwamba namba haitoshi tena, akafanya hesabu mpya, akaandika karatasi, akaituma kituoni. Karatasi ilifika siku ya Ijumaa mchana. Sisi makarani tuliipokea, tukaigonga muhuri wa tarehe, tukaiandika katika daftari ya barua zilizopokelewa, tukaipa namba ya ukurasa, tukaitia katika faili yake. Mkaguzi yeyote angalikuja siku ile angalitusifu. Lakini fundi aliyehusika alikuwa likizoni, aliyekaimu hakuambiwa, na fundi aliporudi alidhani ya kwamba mwenzake amekwisha kuifanya kazi ile. Karatasi ilikaa katika faili miezi mitano, na rilei iliendelea kulinda mji ambao haukuwapo tena.

Ikawa jioni moja, wakati wa kupika na kuwasha taa, rilei ikakata. Fundi wa zamu, kwa kuwa aliamini ya kwamba rilei haikati bure, hakuthubutu kuirudisha laini mpaka ikaguliwe. Watu wakatoka kutafuta mti ulioanguka. Walitembea chini ya nguzo kwa muda wa saa mbili na zaidi, wasione kitu. Katika hospitali ile jenereta ilikataa kuwaka kwa muda, na mkunga akamzalisha mama mmoja kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mhudumu. Twamshukuru Mwenyezi Mungu, mama na mtoto walikuwa salama.

Mkunga yule ni mwanachama wa chama hiki. Alitukuta katika mkutano wa tawi mwezi uliofuata, akatusalimu vizuri kwa heshima zote, kisha akauliza, "Ndugu zangu, usiku ule mlikuwa mkimlinda nani?" Mmoja wetu alianza kumjibu ya kwamba faili ilikuwa sahihi na kila karatasi ilikuwa mahali pake. Hakuyamaliza maneno yake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, tena safi. Tulichokosa ni mtu wa kuitoa habari katika daftari na kuipeleka pale inapotumika, kisha kurudi na jibu. Karani aliyeipokea karatasi ile hatumtaji, wala fundi hatumtaji, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote.

NCHA MBILI ZA LAINI MOJA

Mpaka hapa tumesema juu ya mlinzi mmoja na namba yake. Lakini laini ya umeme ina ncha mbili, na kila ncha ina mlinzi wake. Je, walinzi hao wakipewa amri mbalimbali, na kila bwana asijue amri ya mwenzake? Jambo hili lilitokea Ulaya, katika nchi ya Ujerumani, yenye mafundi hodari na daftari nzuri, tarehe 4 Novemba 2006.

Meli kubwa ya abiria iitwayo Norwegian Pearl ilikuwa imejengwa Papenburg, nayo ilipaswa kupita katika mto Ems kuelekea baharini. Juu ya mto ule hupita laini mbili za volti 380,000. Kwa usalama wa meli, laini hizo huzimwa mpaka meli ipite. Ilikubaliwa kwamba meli ipite usiku wa kuamkia tarehe 5, lakini wenye kiwanda kilichoijenga meli wakaomba saa zirudishwe nyuma, na kampuni yenye laini, iitwayo E.ON Netz, ikakubali. Majirani zake walipata habari ya mabadiliko hayo wakiwa wamechelewa, jioni ya siku ile ile.

Saa 3 na dakika 38 usiku laini za mtoni zikaanza kuzimwa. Mzigo wake ukahamia laini nyingine, mojawapo ikiwa ile itokayo Landesbergen kwenda Wehrendorf. Ncha ya Landesbergen ilikuwa ya E.ON Netz, na ncha ya Wehrendorf ilikuwa ya kampuni jirani, RWE. Katika ncha ya kwanza mlinzi aliambiwa akate umeme ukifika ampea 3,000. Katika ncha ya pili mlinzi aliambiwa akate ukifika ampea 2,100. Laini ilikuwa moja, waya ni ule ule, lakini namba zilitofautiana kwa ampea 900. Watu wa Landesbergen walifanya hesabu zao kwa namba yao, wakajiona wangali na nafasi. Mzigo ulipozidi kupanda, waliamua kubadili mpango wa swichi katika kituo chao, wakitumaini kwamba ungepungua kwa ampea 80 hivi. Hawakuafikiana kwanza na jirani. Walipofunga swichi, saa 4 na dakika 10, mzigo haukupungua bali uliongezeka kwa ampea 67, na katika sekunde mbili mlinzi wa Wehrendorf akaikata laini.

Baada ya hapo laini nyingine zilikatika kutoka kaskazini kuelekea kusini, hata mtandao wa umeme wa Ulaya, uliokuwa kitu kimoja, ukapasuka vipande vitatu. Katika kipande cha magharibi umeme ulipungukiwa sana, na vyombo vya kujihami vikawakatia watu wengi ili waliobaki waokoke. Nyumba zaidi ya milioni 15 zilikosa umeme, na hata laini za chini ya bahari ziunganishazo Hispania na Moroko zilikatwa usiku ule. Mafundi wa Ulaya walifanya kazi kwa bidii, na kabla ya kutimia saa mbili umeme ulikuwa umerudi karibu kila mahali.

Ndugu wanachama, angalieni ya kwamba katika habari hii hakuna rilei iliyoharibika. Kila chombo kilifanya kama kilivyoamriwa. Kilichokosekana ni makarani wawili wa ncha mbili kupelekeana nakala ya namba moja, na mafundi wawili kupigiana simu kabla ya kugusa swichi.

LUGHA ZA VYOMBO

Sasa twafika kwenye jambo la kusikilizana kwa vyombo vyenyewe. Rilei za kompyuta zilipoanza kuenea, kila kiwanda kilizifundisha lugha yake. Rilei ya kiwanda kimoja haikuweza kuzungumza na ya kiwanda cha pili ila kwa njia ya mkalimani, yaani chombo cha tatu; au ilibidi kila neno lipewe waya wake wa shaba, na chini ya sakafu ya kituo zikalazwa nyaya mamia. Aliyenunua chombo cha kwanza kwa tajiri fulani alijikuta hana budi kununua kwake siku zote, kwa bei atakayoitaja.

Kwa sababu hiyo Halmashauri ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoundwa London mwaka 1906, ilitoa kanuni yenye namba 61850, ambayo sehemu zake za kwanza zilitolewa kati ya mwaka 2002 na 2005. Kanuni hiyo yavipa vyombo vyote majina ya namna moja kwa mambo ya namna moja. Yaagiza pia namna moja ya kuandika maelezo ya kituo kizima, ili chombo cha kiwanda chochote kiweze kuyasoma. Tena yaweka njia ya rilei moja kuipelekea nyingine ujumbe wa haraka kwa muda wa sehemu tatu au nne tu za elfu moja ya sekunde, bila waya wa peke yake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili twaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Katika mwaka 1928 watu walikutana Mombasa, wakachagua lafudhi ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule za nchi zetu, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya kuiangalia lugha hiyo. Tangu hapo karani wa Tabora aliweza kumwandikia karani wa Kisumu, na barua ikafahamika. Lakini mwajua pia ya kwamba lugha moja haikuondoa kila kutoelewana. Watu wawili waweza kutumia neno moja, kila mmoja akiwa na maana yake moyoni.

Ndivyo ilivyo kwa vyombo. Kanuni ile huacha mambo fulani kwa hiari ya mtengenezaji, na toleo lake la kwanza latofautiana na la pili katika baadhi ya mambo. Twatoa mfano mmoja. Fundi anapoijaribu rilei, huitia katika hali ya majaribio, na kila ujumbe itoao hubeba alama ya kusema kwamba hili ni jaribio. Ni kama barua iliyogongwa muhuri wa "Si Amri". Rilei inayopokea, ikiujua muhuri ule, itasoma na kunyamaza. Isipoujua, itadhani kwamba ni amri ya kweli, na itaukata umeme wa watu wakiwa kazini. Kila chombo peke yake kina hati ya kuonyesha kwamba kimeifuata kanuni. Lakini hati mbili zilizowekwa pamoja si ushahidi kwamba wenye hati hizo wataelewana.

Katika Amerika ya Kaskazini liko shirika linaloangalia uaminifu wa umeme, nalo hukusanya taarifa za kila rilei iliyokata pasipo haki au isiyokata ilipotakiwa. Taarifa hizo zimeonyesha mara kwa mara ya kwamba sababu kubwa ni tatu: namba na mipango iliyowekwa vibaya, vyombo vyenyewe kuharibika, na mawasiliano kushindwa. Sababu ya kwanza ni kazi ya mikono ya watu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita mezani kwetu.

MLANGONI PETU

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mitambo ya maporomoko ya Owen huko Jinja ilifunguliwa mwaka 1954, na tangu mwaka 1958 umeme wa Uganda ulipita mpaka ukaingia Kenya. Mwaka 2005 nchi za mashariki ya Afrika ziliunda umoja wa kuuziana umeme. Tena mwishoni mwa mwaka 2024 ilitiwa umeme laini ya volti 400,000 itokayo Isinya nchini Kenya mpaka Singida nchini Tanzania, safari ya zaidi ya kilomita 500. Laini hiyo ni moja, lakini ncha zake zimo katika nchi mbili, chini ya mabwana wawili, na daftari zake zimo katika makabati mawili. Habari ya Landesbergen na Wehrendorf, basi, yatuhusu. Tena sisi hatuna udhuru, kwa maana makarani wa ncha zote mbili wanajua Kiswahili.

TUNAYOOMBA

Twaomba mkutano huu uyafikiri mambo matano, na ukiyaona mema, Halmashauri iyapeleke kwa wakubwa wa kazi kwa heshima ipasayo.

Kwanza, namba za kila rilei ziwe na daftari moja iliyo rasmi, yenye tarehe, jina la aliyeamuru, jina la aliyeweka, na sababu. Mara moja kila mwaka namba zisomwe katika chombo chenyewe, zilinganishwe na daftari, na wote wawili, fundi na karani, watie sahihi.

Pili, karatasi yenye namba mpya isifungiwe katika faili kuwa kazi iliyokwisha, mpaka irudi ikiwa na sahihi ya fundi aliyeiweka namba hiyo ndani ya rilei. Mpaka siku hiyo ikae juu ya meza, mbele ya macho.

Tatu, nakala ya kila badiliko ipelekwe kwa walinzi wa ncha ya pili, iwe ni ya kampuni yetu au ya wengine, na jibu lao lingojewe.

Nne, vyombo vya viwanda viwili visifungwe kituoni mpaka vimejaribiwa pamoja juu ya meza moja, hata kama kila kimoja kina hati yake. Gharama ya siku chache za kujaribu ni ndogo kuliko gharama ya usiku mmoja wa giza.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, mtumishi atakayekuja mwenyewe kusema, "Nimekosa namba," asikatwe mshahara kwa kukiri kwake. Twawaambia kweli, ile karatasi ya miezi mitano haikuwa ya kwanza kusahauliwa. Wako waliogundua karatasi kama hiyo katika faili, wakaogopa, wakaipeleka kimya kimya, na hakuna aliyejifunza neno. Ikiwa rilei yenyewe siku hizi huruhusiwa kutoa taarifa ya ugonjwa wake, si haki mtu anyimwe ruhusa hiyo.

Twajua ya kwamba kazi ya karani haionekani. Fundi akipanda nguzo, watoto humtazama. Karani akilinganisha namba mbili katika karatasi mbili, hakuna amwonaye, na akiifanya vema hakuna litakalotokea. Lakini mwenzetu mkunga yumo katika chumba hiki jioni ya leo, ameketi katika safu ya tatu, na swali alilotuuliza hatujamjibu kwa maneno. Tumeanza kulijibu kwa daftari mpya, ambayo ipo hapa mezani kwa kila mwanachama atakayependa kuitazama baada ya mkutano. Ina safu moja ambayo daftari ya zamani haikuwa nayo, iliyoandikwa juu yake: "Jibu la ncha ya pili." Katika ukurasa wa kwanza safu hiyo imejaa yote. Katika ukurasa wa pili ingali na nafasi tatu tupu, nasi tutakaporudi kazini Jumatatu asubuhi tutaanza na hizo.